Kadi za Kupigia Simu Nyumbani: Unafuu Ulitoka Wapi?

Mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, Mtanzania au Mkenya aliyeishi London au Minneapolis alipotaka kupiga simu nyumbani alinunua kadi dukani, akaikwangua, akapiga namba ya kampuni, akaingiza namba ya siri, kisha msimbo wa nchi, 255 au 254. Wengi waliisifu teknolojia mpya kwa unafuu wa bei ya kadi hizo. Teknolojia ilichangia, lakini mama mzazi wa kadi hizo ni ukiritimba. Kwa utaratibu wa zamani, shirika la simu la nchi inayopiga lililipa lile la nchi inayopokea kiasi walichokubaliana kwa kila dakika, na kiasi hicho kilizidi mno gharama halisi ya kupitisha sauti. Kampuni ya simu ya Tanzania, TTCL, ilishika peke yake mlango wa simu za kimataifa hadi 2005, na Telkom Kenya hadi 2004. Asiye na mshindani hana haja ya kushusha bei. Kampuni za kadi ziliingia katika pengo hilo kati ya bei na gharama halisi. Zilinunua dakika kwa jumla kwa bei ya chini, na nyingine zilipitisha sauti kwenye intaneti na kuiingiza nchini kwa njia za panya. Simu za mkononi zikapanua soko, kwa kuwa huku kwetu anayepigiwa halipi: ndugu alibipu, na wa ughaibuni akaenda kununua kadi.

Wapo watakaosema kadi zilikuwa ulaghai. Malalamiko yao yana msingi: ada ya kuunganisha na ada ya kila wiki zilikula salio, na mwaka 2008 Tume ya Biashara ya Marekani ilizishtaki baadhi ya kampuni kwa kutoa dakika pungufu kuliko zilizotangazwa. Hata hivyo mteja aliendelea kununua, maana hata dakika zilizopunjwa mara nyingi zilishinda bei ya kawaida. Pingamizi zito zaidi ni kwamba fedha za simu kutoka nje zilihitajika kujenga mitandao ya nchi maskini, na kwamba Marekani ilizikata ilipoamua mwaka 1997 kuwa kampuni zake zisilipe zaidi ya senti 23 za dola kwa dakika kwa nchi za kipato cha chini. Lakini miaka yote ya viwango vya juu, Kenya ilibaki na takriban laini moja ya mezani kwa kila watu mia. Simu ilimfikia mwananchi wa kawaida baada ya kampuni za simu za mkononi kuanza kushindana.

Ushindani huo, mkongo wa chini ya bahari wa SEACOM uliofika 2009 na simu za WhatsApp kuanzia 2015 viliziba pengo, na kadi zikapoteza kazi yake. Serikali yoyote inayopandisha tena tozo za simu za kimataifa inalifungua upya.