Dawa Iliyotangulia Kipimo

Katika maradhi yanayomwandama mwanadamu, yako yanayoingia kwa kishindo, na yako yanayoingia kimya yakakaa mwilini miaka kabla ya kujulikana. Saratani ya damu ya muda mrefu, ambayo matabibu huiita lukemia, ni ya kundi hili la pili. Huanzia katika uboho wa mifupa, pale damu inapotengenezwa, ambapo chembechembe nyeupe huzaliana kupita kiasi na kuzisonga zile nyekundu. Mtu huchoka bila ya kazi, hukonda, hutoka jasho usiku, na bandama humvimba upande wa kushoto wa tumbo. Wahenga walisema kuwa mficha maradhi kilio humfichua. Lakini katika maradhi haya mgonjwa hana alichokificha. Ni maradhi yenyewe yaliyojificha, na historia yake ni historia ya kuyasaka.

Maficho hayo yalikuwa mema zaidi katika nchi kama ile ya Nachingwea na Ruangwa, kusini mwa Tanzania. Mtu wa Kiegei, awe Mmwera, Mngindo au Mmakua, awe mkulima wa korosho, wa ufuta au wa mihogo, ameishi na malaria tangu enzi za babu zake. Malaria inayorudi mara kwa mara huvimbisha bandama. Kwa hiyo tumbo lililovimba upande wa kushoto halikuwa ajabu, wala homa na uchovu havikumshangaza mtu. Mgonjwa alipewa dawa ya malaria akarejea nyumbani. Alipozidiwa, alipewa tena. Hadubini, pale ilipokuwapo, iliwekwa kutafuta kijidudu cha malaria. Haikuwekwa kwa ajili ya kuhesabu chembechembe nyeupe. Hapana haja ya kumtafuta mzembe katika jambo hili. Mtu hutafuta anachokijua, na asichokijua hupita mbele ya macho yake.

Hata Ulaya kujulikana kwa maradhi haya kulichukua muda. Mwaka 1845 matabibu wawili ambao hawakushauriana, John Hughes Bennett wa Edinburgh na Rudolf Virchow wa Berlin, walieleza habari za wagonjwa waliokufa wakiwa na bandama kubwa na damu iliyojaa chembechembe zisizo na rangi. Virchow ndiye aliyeyapa maradhi jina la lukemia mwaka 1847, maana yake damu nyeupe. Baada ya hapo ilipita zaidi ya miaka 100, na kila dawa iliyojaribiwa, tangu arseniki ya karne ya 19 hadi busulfani iliyoanza kutumika mwaka 1953, ilipunguza chembechembe bila ya kugusa chanzo. Aliyepatwa na lukemia ya aina ya mieloidi aghalabu aliishi miaka michache tu, kisha maradhi yakageuka makali ghafla, yakamwua.

Fumbo lilianza kufumbuka mwaka 1960 katika mji wa Philadelphia, Marekani. Peter Nowell na David Hungerford walikuwa wakitazama kromosomu, yaani zile nyuzi zilizomo ndani ya chembe hai ambazo hubeba urithi wa mtu, wakaona kuwa kwa wagonjwa hawa kromosomu moja ilikuwa fupi kuliko ilivyostahili. Ikaitwa kromosomu ya Philadelphia. Mwaka 1973 Janet Rowley wa Chicago akaonyesha kuwa kipande kilichokosekana hakikupotea: kromosomu ya 9 na ya 22 zilikuwa zimebadilishana vipande.

Afrika Mashariki haikuwa mtazamaji tu katika elimu hii. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyekuwa Kampala, alieleza uvimbe wa taya uliokuwa ukiwaua watoto wa Uganda. Mwaka 1961 alisafiri kwa gari kuelekea kusini mwa bara, akipitia Tanganyika, akiuliza hospitali baada ya hospitali ni wapi uvimbe huo ulionekana na ni wapi haukuonekana. Katika miaka ya 1970 ikajulikana kuwa nao huambatana na kromosomu zilizobadilishana vipande. Hivyo maradhi yaliyoelezwa Uganda na maradhi yaliyotambuliwa alama yake Philadelphia yalifundisha somo moja. Kosa linaloanzisha saratani za namna hii halitoki kwa baba wala kwa mama. Huzuka katika mwili wa mtu mwenyewe baada ya kuzaliwa. Haliambukizwi, halirogwi, wala si adhabu ya tendo lolote.

Vipande viwili vilivyoungana vilifanya jeni moja mpya, ambayo imepewa jina la BCR-ABL. Jeni hiyo huagiza protini isiyojua kupumzika: usiku na mchana huziamuru chembechembe nyeupe zizaane. Brian Druker wa Oregon, akishirikiana na wanakemia wa kampuni ya Uswisi iliyokuja kuitwa Novartis, alifuatilia dawa ya kuingia katika protini hiyo na kuinyamazisha. Majaribio kwa wagonjwa yalianza mwaka 1998, na Mei 2001 serikali ya Marekani ikaidhinisha dawa ya imatinibu, iuzwayo kwa jina la Glivec. Ilikuwa vidonge vya kumeza nyumbani. Katika jaribio lake kuu, ambalo matokeo yake ya muda mrefu yalichapishwa mwaka 2017, wagonjwa 83 kati ya kila 100 walioanza nayo walikuwa hai baada ya miaka 10. Maradhi ya kuua yalikuwa yamegeuzwa kuwa maradhi ya kuishi nayo.

Dawa hiyo, hata hivyo, ilizaliwa na bei ya zaidi ya dola 2,000 kwa mwezi huko Marekani, bei ambayo mkulima wa Nachingwea asingeweza kuilipa hata kwa mavuno ya miaka mingi. Mwaka 2002 kampuni hiyo, pamoja na shirika la Max Foundation, ilianzisha mpango wa kuitoa bure kwa wagonjwa wa nchi zisizo na uwezo. Wagonjwa wa Tanzania walipokea fungu lao katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, iliyo katika hospitali ya kale iliyojengwa na Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19. Sharti la kuingia katika mpango lilikuwa moja la haki: ithibitishwe kwanza kuwa mgonjwa anayo kromosomu ya Philadelphia au jeni yake. Lakini maabara za kuthibitisha zilikuwa chache mno, na mara nyingi damu ilibidi ivuke mipaka ya nchi kabla ya jibu kupatikana.

Msomaji na aipime safari hiyo kwa mtu wa Kiegei. Kutoka Nachingwea hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 500. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, msafiri wa kusini alivuka Rufiji kwa pantoni, na katika masika barabara ilikatika. Hata baada ya daraja, nauli ilibaki nauli. Mgonjwa aliyeitwa kila baada ya miezi michache alihesabu siku za njiani, siku za kungoja na siku za kurudi. Na ikiwa mwito uliangukia msimu wa korosho, alichagua kati ya zao lililolisha nyumba na vidonge vilivyomweka hai. Dawa ilikuwa ya bure, lakini njia ya kuiendea haikuwa ya bure.

Watu wa Nachingwea wana kumbukumbu ya jambo kubwa lililokuja kabla ya kipimo chake. Serikali ya Uingereza ilipoanzisha mpango wa karanga Tanganyika mwaka 1947, matrekta yalifika kabla ya udongo na mvua kuchunguzwa vya kutosha. Nachingwea ilikuwa moja ya sehemu tatu zilizochaguliwa, pamoja na Kongwa na Urambo. Pori lilifyekwa, mji ukainuka, reli ikajengwa kutoka pwani. Mwaka 1951 mpango ulivunjwa, pauni milioni 36 zikiwa zimepotea, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli nayo ikafungwa. Nguvu hazikupungua wala fedha hazikupungua. Kilichopungua ni kuujua udongo kabla ya kuulima. Imatinibu haikuwa karanga, maana iliokoa watu kwelikweli. Lakini swali lililoulizwa na historia ni lilelile: nani atapima, na atapima lini?

Swali hilo lilipata uzito tangu mwaka uleule wa 2001. Dawa ilipokuwa ikishangiliwa, Charles Sawyers na wenzake wa Los Angeles walichapisha habari ya wagonjwa ambao imatinibu iliwasaidia kwanza, kisha ikashindwa. Walikuta kwamba jeni mbaya ilikuwa imebadilika tena. Katika nafasi ya 315 ya protini, kiungo kiitwacho treonini kilikuwa kimeondoka, na isoleusini kukaa mahali pake. Badiliko hilo dogo, ambalo matabibu huliandika T315I, liliinyima dawa mahali pa kushika. Baadaye mabadiliko mengine mengi yaligunduliwa, na kila moja lina tabia yake. Dasatinibu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2006, na nilotinibu, iliyoidhinishwa mwaka 2007, hushinda mengi kati ya hayo, lakini hushindwa na T315I. Kwa hilo ilibidi kungoja ponatinibu ya mwaka 2012, na asiminibu ya mwaka 2021.

Basi kipimo cha damu ya mgonjwa huyu kina maswali matatu. La kwanza: jeni ya BCR-ABL ipo? La pili: ipo kwa kiasi gani, na inapungua baada ya kila miezi mitatu? La tatu, pale isipopungua: je, imebadilika, na badiliko lake ni lipi? Lukemia ya muda mrefu ya aina ya limfu, ambayo aghalabu huwapata wazee, nayo ina swali la namna hii. Jeni iitwayo TP53 ikiharibika, dawa za zamani za kuua chembe hazifai sana, na tabibu asiyeipima humpa mzee taabu ya dawa bila ya faida yake.

Swali la tatu lina uzito kuliko linavyoonekana, kwa kuwa ndani yake mna heshima ya mgonjwa. Chembechembe nyeupe zinapopanda tena, sababu kubwa ni mbili. Huenda mgonjwa hakumeza vidonge kila siku. Huenda alivimeza vyote, nayo jeni ikabadilika. Kwa macho, wagonjwa hawa wawili hawatofautiani: bandama ya huyu ni kama bandama ya yule. Pasipo kipimo, mtu aliyetoka mbali huwa wa kwanza kushukiwa. Anajulikana kuwa maskini, anajulikana kuchelewa kwa ajili ya mvua na nauli, na neno lake kwamba alimeza dawa yote halina shahidi. Huonywa, hurejeshwa na vidonge vilevile visivyomfaa tena, na wakati unapita. Kipimo cha mabadiliko ya jeni ndicho shahidi wake. Kikionyesha badiliko, kinamwondolea lawama na kumwelekeza kwenye dawa nyingine. Kisipoonyesha, hapo tabibu ana sababu ya kuuliza kwa upole juu ya nauli, juu ya msimu wa korosho, na juu ya madhara ya dawa ambayo mgonjwa aliona haya kuyataja.

Njia ya kukisogeza kipimo karibu imeanza kuonekana. Mwaka 2016 wataalamu wa Seattle, Marekani, walionyesha kuwa matone ya damu yaliyokaushwa juu ya karatasi yanaweza kutumwa kwa posta, na maabara ikapima humo kiasi cha BCR-ABL na hata kutambua mabadiliko yake. Karatasi haihitaji barafu, wala haimtaki mgonjwa apande basi. Kadhalika mashine ya GeneXpert, ambayo Shirika la Afya Duniani liliiunga mkono mwaka 2010 kwa kupima kifua kikuu na ambayo imeenea katika hospitali nyingi za Tanzania, inaweza kupima kiasi cha BCR-ABL ikiwekewa kibweta kilichotengenezwa kwa kazi hiyo. Chombo chenyewe si kigeni. Kigeni ni kibweta, bei yake, na uamuzi wa kukinunua. Hata hivyo mashine hii hujibu swali la kwanza na la pili tu. La tatu linataka kusoma herufi za jeni moja baada ya moja, na kazi hiyo ni ya maabara kubwa.

Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani liliitia imatinibu katika orodha ya dawa za lazima, na baada ya hataza zake kwisha, viwanda vingine viliitengeneza kwa bei ndogo. Kwa hiyo upande wa dawa historia imekwenda mbio. Upande wa kipimo imekwenda kwa miguu. Kutoka Philadelphia ya mwaka 1960, elimu ya kuitazama kromosomu moja fupi imepita Chicago, Oregon, Los Angeles na Seattle, ikafika Dar es Salaam. Iliyobaki ni ile njia ya mwisho, kutoka Dar es Salaam hadi Kiegei. Ndiyo fupi kuliko zote, na ndiyo itakayoamua kama mgonjwa wa huko atatibiwa kwa kujulikana au kwa kukisiwa.