Götzen: jina moja, mtu na meli

Maji tunayoyaona hapa Nyalukemba yanatoka kwa Ruzizi, yanashuka mpaka Ziwa Tanganyika. Maziwa hayo mawili yana historia ya jina moja la Kijerumani: Götzen.

Kwanza ni mtu. Gustav Adolf von Götzen alitokea upande wa Rwanda mwaka 1894. Alionana na Mwami Kigeli Rwabugiri, akafika Ziwa Kivu upande wa kaskazini, akapanda Nyiragongo, kisha akavuka Kongo yote mpaka Atlantiki. Kutoka 1901 hadi 1906 alikuwa gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Vita vya Maji Maji vilipoanza mwaka 1905, askari wake walichoma mashamba na vyakula. Hesabu ya Wajerumani wenyewe ilisema watu 75,000 walikufa. Wanahistoria wengine wanafikisha 300,000. Wengi waliuawa na njaa.

Pili ni meli. Graf von Götzen ilitengenezwa Papenburg mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika masanduku 5,000 na kuletwa mpaka Kigoma. Iliingia majini Februari 1915. Julai 1916, Wajerumani wakikimbia, waliizamisha wenyewe, lakini mashine walizipaka mafuta kwanza. Waingereza waliiinua mwaka 1924. Mwaka 1927 wakaiita Liemba, jina la zamani la ziwa lenyewe.

Angalieni huo mwaka. Meli inapata jina la kwetu, na mwaka huohuo Wabelgiji wanauita mji wetu Costermansville, kwa heshima ya ofisa wao. Tulingoja mpaka miaka ya 1950 ndipo Bukavu ikarudi.

Sasa, mwaka 1997, baada ya Mobutu kuanguka, nani alirudisha wakimbizi wetu kutoka Kigoma mpaka Uvira? Ni ile ile Liemba. Ilibeba zaidi ya 75,000. Meli iliyopewa jina la gavana wa njaa njo iliwarudisha watu wetu nyumbani.

Kubadilisha jina ni kazi ya siku moja. Historia ya Götzen iliandikwa na Götzen mwenyewe, katika vitabu. Ile ya 1997 iko bado midomoni mwa wazazi wetu. Nani katika familia yenu alipanda Liemba? Mumuulize, muandike, angali hai.