Cuvée

Cuvée (tamka takriban "kyuve") ni neno la Kifaransa linalotumiwa na watengenezaji wa divai kwa maana zaidi ya moja. Kwa kawaida humaanisha divai maalumu iliyoandaliwa na mtengenezaji fulani, mara nyingi kwa kuchanganya divai za aina mbalimbali za zabibu, za mashamba mbalimbali au za miaka mbalimbali. Katika mkoa wa Champagne, kaskazini-mashariki mwa Ufaransa, neno hilo pia ni jina la juisi inayotoka kwanza zabibu zinapokamuliwa. Neno hili huandikwa kwenye lebo za chupa nyingi, lakini peke yake si uthibitisho wa ubora.

Asili ya neno

Cuvée limetokana na cuve, yaani chombo kikubwa cha kuchachushia divai. Cuve nalo limetokana na Kilatini cupa, "pipa". Maana ya msingi ni kiasi kinachojaza chombo kimoja, kama vile katika Kiswahili "debe" ni chombo na pia ni kipimo cha mahindi yaliyomo. Divai za vyombo kadhaa zikikusanywa pamoja kabla ya kutiwa katika chupa, mchanganyiko huo nao huitwa cuvée.

Maneno mawili yanakaribiana nalo. Assemblage ni kazi yenyewe ya kuchagua na kuchanganya divai. Cuvée ni zao la kazi hiyo. Coupage pia ni kuchanganya, lakini mara nyingi hutajwa kwa ubaya. Wakati wa ukoloni, kwa mfano, divai kali ya Algeria ilichanganywa na divai hafifu ya kusini mwa Ufaransa ili kuipa nguvu na rangi.

Ukamuaji katika Champagne

Kanuni za Champagne huruhusu kilo 4,000 za zabibu kutoa lita 2,550 za juisi. Lita 2,050 za kwanza huitwa cuvée, na lita 500 zinazofuata huitwa taille. Juisi ya cuvée ina sukari na asidi nyingi, hivyo hufaa kwa divai ya kuhifadhiwa muda mrefu. Taille ina asidi kidogo, lakini ina chumvi za madini na rangi zaidi. Divai yake hupendeza mapema ila haidumu sana.

Uchanganyaji katika Champagne

Champagne ina hali ya hewa ya baridi, na mavuno hutofautiana sana mwaka hadi mwaka. Kwa sababu hiyo watengenezaji huweka akiba ya divai za miaka iliyopita na kuichanganya na divai mpya, ili ladha isibadilike. Zabibu zinazotumika zaidi ni Chardonnay, Pinot Noir na Meunier. Mbili za mwisho zina ganda jeusi, lakini juisi yake ni nyeupe zikikamuliwa taratibu.

Mtawa Dom Pérignon (1638–1715), aliyesimamia ghala la divai la abasia ya Hautvillers, anakumbukwa kwa ustadi wa kuchanganya zabibu za mashamba tofauti. Si kweli kwamba yeye ndiye aliyevumbua divai yenye mapovu.

Divai bora kuliko zote za kampuni fulani huitwa cuvée de prestige. Mifano ni Cristal ya Louis Roederer, iliyotengenezwa mwaka 1876 kwa ajili ya Tsar Aleksander II wa Urusi, na Dom Pérignon ya Moët & Chandon, ambayo divai yake ya mwaka 1921 iliuzwa kuanzia 1936.

Maana katika maeneo mengine

Katika Burgundy, divai nyekundu nyingi ni za Pinot Noir pekee na nyeupe nyingi ni za Chardonnay pekee. Hapo cuvée huweza kumaanisha fungu moja la divai. Hospices de Beaune, hospitali iliyoanzishwa mwaka 1443, humiliki mashamba ya mizabibu na tangu 1859 imekuwa ikiuza divai yake kwa mnada. Mafungu yake huitwa cuvée, na mengi yana majina ya wafadhili wa hospitali.

Ujerumani na Austria, neno hili kwa kawaida humaanisha divai iliyochanganywa kutoka aina mbili au zaidi za zabibu.

Matumizi kwenye lebo

Mtengenezaji yeyote anaweza kuandika "cuvée spéciale" au "cuvée réservée" bila kutimiza sharti lolote la ubora. Pengine divai hiyo kweli ni teule, pengine ni jina la biashara tu. Habari zenye uzito zaidi kwenye lebo ni eneo la asili lililotambuliwa kisheria, mwaka wa mavuno na jina la mtengenezaji.