Rangi inayoisaka saratani

Kazi ngumu katika kutoa uvimbe wa saratani kwenye ubongo iko pembezoni. Katikati, uvimbe hujulikana kwa macho na kwa kuguswa. Ukielekea nje, saratani na ubongo mzima huchanganyika hata daktari asijue aishie wapi. Akikata kidogo, ugonjwa unabaki. Akizidisha, mgonjwa huenda akaamka hawezi kusema.

Mwaka 1948, George Moore wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, alijaribu kuutafuta mpaka huo kwa fluoresini, rangi iliyotengenezwa na Mjerumani Adolf von Baeyer mwaka 1871. Mgonjwa alidungwa rangi mshipani, kisha uvimbe ukamulikwa, nao ukang'aa. Lakini rangi ile haiitambui saratani. Huvujia popote mishipa ya damu ilipolegea, hata nje ya uvimbe.

Suluhisho la mjini Munich, miaka ya 1990, ndilo ninaloliona la busara zaidi. Walter Stummer na wenzake hawakumpa mgonjwa rangi, bali dawa ya kunywa, 5-ALA, saa chache kabla ya upasuaji. Seli za saratani zenyewe huigeuza kuwa porfirini. Chini ya taa ya kawaida huoni kitu. Daktari anapobadilisha mwanga wa darubini kuwa wa buluu, ubongo usio na saratani huonekana wa buluu, na saratani huwaka nyekundu kama kaa la moto.

Majaribio yao ya Ujerumani yalichapishwa mwaka 2006. Uvimbe ulioonekana kwenye picha uliondolewa wote kwa asilimia 65 ya waliopewa dawa, dhidi ya asilimia 36 ya wengine. Baada ya miezi sita, asilimia 41 walikuwa hai bila ugonjwa kuendelea, dhidi ya 21. Hata hivyo, haikuthibitika kwamba waliishi muda mrefu zaidi, na hilo lazima lisemwe wazi. Ulaya iliidhinisha dawa hiyo mwaka 2007. Marekani ikasubiri hadi 2017.

Njia ya kumulika haikuishia kwenye ubongo. Mwaka 2011, Gooitzen van Dam wa Groningen, Uholanzi, alitangaza matokeo ya kumulika saratani ya ovari kwa rangi iliyofungwa kwenye foleti, vitamini ambayo seli nyingi za saratani hiyo huipokea kwa wingi. Mwaka 2021 Marekani iliidhinisha rangi ya pafolasianini, inayofuata njia hiyohiyo. Mwaka 2024 ikaidhinisha rangi nyingine, pegulisianini, kwa saratani ya titi: uvimbe ukishatolewa, daktari humulika ndani ya jeraha na kuondoa mabaki kabla hajalishona.