Kutoka "Kilema" hadi "Ufikikaji": Historia Fupi ya Istilahi

Mji wa Wete, kaskazini mwa Pemba, umekaa juu ya miinuko, na njia yake kuu hushuka hadi bandarini. Atembeaye kwa miguu huuona mteremko huo kuwa mandhari. Atumiaye kiti cha magurudumu huuona kuwa kizuizi. Makala haya yanaeleza jinsi istilahi zetu zilivyohama kutoka kumtaja mtu hadi kukitaja kizuizi.

Hapo kale tulikuwa na majina kiwete, kipofu, kiziwi na kilema, yote ya umbo la KI-VI, ambalo ndilo la vitu. Mwaka 1981, uliotangazwa na Umoja wa Mataifa kuwa wa watu hao, neno mlemavu, lenye umbo la watu, lilizidi kushika nafasi. Mwaka 1985 ukaasisiwa Umoja wa Walemavu Zanzibar. Sheria Namba 9 ya Zanzibar ya mwaka 2006 ikasema "watu wenye ulemavu": utu ukatangulia.

Mwaka huo huo Umoja wa Mataifa ulipitisha Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009. Kifungu cha 9 kinadai majengo, usafiri na habari viweze kufikiwa. Cha 24 kinagusa elimu, ya chuo kikuu ikiwamo. Dhana hiyo wafasiri wameiita ama ufikivu ama ufikikaji.

Je, tuchague lipi? Msikivu ni mtu asikiaye. Kwa kiasi hicho, ufikivu ungekuwa sifa ya yule afikaye. Bali twasema njia inapitika, nyumba inakalika, mahali panafikika. Na kama kupatikana kulivyozaa upatikanaji, kufikika huzaa ufikikaji, sifa ya mahali.

Tofauti hii si ya wanaisimu peke yao. Wilaya ya Wete ina kampasi ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar huko Mchangamdogo. Chuo chochote kikiandika kwamba mwanafunzi "asaidiwe kufika", mzigo humwangukia yeye na rafiki zake wambebao. Kikiandika "ufikikaji wa madarasa", mzigo huwa wa mjenzi: aweke njia ya mteremko kando ya ngazi, apanue mlango, na maktaba nayo iweke vitabu vya nukta nundu.

Basi mfasiri na mtumishi wa serikali wajihadhari: neno wanaloliandika leo ndilo fundi atakalolisoma kesho.