Kanuni za Utendaji wa Takwimu (Uingereza)

Kanuni za Utendaji wa Takwimu ni mwongozo unaotumika nchini Uingereza kwa ofisi zinazokusanya, kuchambua na kutangaza takwimu rasmi, kama vile idadi ya watu, bei za bidhaa, ajira na uhalifu. Shabaha yake ni wananchi waweze kuziamini takwimu hizo hata pale zinapoiumbua serikali yenyewe. Sehemu ya kanuni hizo ina msukumo wa sheria, lakini sehemu kubwa hufuatwa kwa hiari.

Historia

Katika miaka ya 1980 namna ya kuhesabu watu wasio na kazi nchini Uingereza ilibadilishwa mara nyingi, na karibu kila mara idadi ilipungua. Baadhi ya mabadiliko hayo yalikuwa na sababu za kitaalamu, lakini wananchi wengi waliona kwamba serikali inajisahihishia mtihani wake yenyewe. Mwaka 2000 iliundwa Tume ya Takwimu, ambayo haikuwa na nguvu ya sheria. Kisha Bunge lilipitisha sheria ya takwimu mwaka 2007, na tarehe 1 Aprili 2008 ikaanza kazi Mamlaka ya Takwimu, inayowajibika kwa Bunge badala ya waziri. Toleo la kwanza la kanuni lilitoka mwaka 2009, na la pili Februari 2018. Tangu mwaka 2016 ufuatiliaji unafanywa na Ofisi ya Usimamizi wa Takwimu, iliyo chini ya Mamlaka hiyo.

Nguzo tatu

Toleo la 2018 limesimama juu ya nguzo tatu: uaminifu, ubora na manufaa. Ubora unahusu data na mbinu za kuzichambua. Manufaa ni kwamba takwimu zijibu maswali ambayo watu wanayo kweli. Nguzo ya uaminifu inahitaji maelezo zaidi. Mwanafalsafa Onora O'Neill, aliyezungumzia suala hili katika mihadhara yake ya redioni mwaka 2002, alisisitiza kutenganisha imani na uaminifu. Kwa Kiswahili maneno hayo ni ya ukoo mmoja, na kwa hiyo ni rahisi kuyachanganya: imani hutolewa na wengine, ila uaminifu ni tabia ya mtu au ofisi yenyewe. Ofisi haiwezi kudai iaminiwe. Inachoweza ni kutenda kwa namna inayostahili kuaminiwa, na kuonyesha ushahidi.

Nafasi ya hiari

Sheria ya 2007 inataka kanuni zifuatwe kwa takwimu zilizopewa hadhi ya kitaifa. Hata hivyo, sheria hiyo hiyo inasema kwamba anayezikiuka hawezi kushtakiwa kwa ajili hiyo. Kinachobaki ni kunyang'anywa hadhi, kama ilivyotokea Januari 2014 kwa takwimu za uhalifu zinazoandikishwa na polisi, na kukemewa hadharani kwa barua.

Tangu 2018 hata wasiotoa takwimu rasmi wanaweza kujiunga, yakiwemo mashirika ya hisani na kampuni. Anayejitolea huchapisha tamko linaloeleza anavyotimiza kila nguzo, na msomaji yeyote anaweza kulilinganisha na matendo yake.

Mfano mzuri wa hiari ni wa Ofisi ya Taifa ya Takwimu ya huko. Sheria iliruhusu mawaziri na maofisa wao kuziona takwimu hadi saa 24 kabla ya umma. Kuanzia tarehe 1 Julai 2017 ofisi hiyo iliacha utaratibu huo bila kulazimishwa na mtu, ili asipatikane wa kushuku kwamba namba zimeguswa njiani.

Mipaka

Barua haina pingu. Septemba 2017 mwenyekiti wa Mamlaka, David Norgrove, alimwandikia waziri Boris Johnson kuhusu dai la pauni milioni 350 kwa wiki zinazohusishwa na Umoja wa Ulaya, akisema ni matumizi mabaya ya takwimu rasmi. Johnson alikataa lawama hiyo. Juni 2020 Norgrove aliandika tena, safari hii kwa waziri wa afya, kwa sababu hesabu ya vipimo vya UVIKO-19 ilijumlisha vipimo vilivyofanyika na vile vilivyotumwa tu kwa posta.

Njia nyingine

Nchi nyingine zimejaribu kulinda takwimu rasmi kwa adhabu. Nchini Tanzania, marekebisho ya mwaka 2018 ya Sheria ya Takwimu yalifanya kuwa kosa la jinai kutangaza takwimu zinazopinga au kupotosha zile rasmi. Watafiti walilalamika, Benki ya Dunia ikaeleza wasiwasi wake, na Juni 2019 Bunge likaibadilisha tena sheria hiyo na kuondoa kosa hilo. Kwa bara zima upo Mkataba wa Afrika wa Takwimu, uliopitishwa Addis Ababa tarehe 4 Februari 2009 na kuanza kutumika mwaka 2015, ambao unazitaka ofisi za takwimu zifanye kazi bila kuingiliwa na wanasiasa.