Jinsi ya kuimarisha misuli ya nyuma ya bega kwa vyuma

MISULI ya bega ina sehemu tatu: ya mbele, ya kando na ya nyuma. Ile ya nyuma, ambayo huvuta mkono kurudi nyuma, ndiyo husahauliwa zaidi, kwani haionekani mtu ajitazamapo kwenye kioo.

Kazi za kila siku nazo huisahau. Fundi wa nguo anayeinamia cherehani mtaani Ngara, Nairobi, na dereva wa matatu apitaye Barabara ya Murang'a, wote hushinda mikono ikiwa mbele. Wakifika mazoezini jioni na kunyanyua vyuma vya kifua pekee, mabega yao huzidi kuvutwa mbele.

Zoezi lifaalo ni kunyanyua vyuma viwili vidogo ukiwa umeinama. Simama miguu ikiachana kwa upana wa nyonga, kunja magoti kidogo, kisha inama kwa kukunja nyonga, si kwa kupinda mgongo, hadi kiwiliwili kikaribie kuwa sambamba na sakafu. Tazama chini ili shingo isipindike.

Acha mikono ining'inie chini ya mabega, viganja vikitazamana na viwiko vikiwa vimekunjwa kidogo tu. Toa pumzi huku ukiinua mikono kwa kando hadi kimo cha mabega. Tulia kwa sekunde moja, kisha ishushe polepole kwa sekunde mbili au tatu huku ukivuta pumzi. Rudia mara 12 hadi 15, pumzika dakika moja au mbili, na ukamilishe awamu tatu. Siku mbili kwa wiki, zisizofuatana, zinatosha.

Kosa kubwa ni kuchukua uzani mzito. Misuli hii ni midogo. Ikilemewa, mtu huanza kurusha vyuma kwa kuyumbisha mgongo, au huinua mabega hadi masikioni, na kazi ikahamia shingoni na kiunoni. Anza na kilo moja au mbili kwa kila mkono. Asiye na vyuma atumie chupa mbili za maji: lita moja ya maji ina uzani wa kilo moja.

Mwenye maumivu ya kiuno anaweza kulala kifudifudi kwenye benchi iliyoinuliwa upande wa kichwa. Uchungu mkali ukitokea begani, acha mara moja. Naye aliyewahi kuteguka bega amwone daktari kabla ya kuanza.